Safari ya Maziwe kutoka Moshi: angalia mwezi kwanza, tiketi ya basi baadae

Mara ya kwanza kwenda Maziwe, kile kisiwa kidogo cha hifadhi baharini karibu na Pangani, nilipanga safari kama tunavyopanga zote huku Moshi, yani likizo inaanza lini, mshahara unatoka lini, basi la saa ngapi. Tukatoka stendi alfajiri watu tisa, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga, tukabadilisha gari mpaka Pangani, tumefika saa nane mchana tumechoka ila tuna hamu. Nikamwamkia nahodha mmoja mtu mzima, shikamoo mzee, tunataka kwenda kisiwani. Akaangalia bahari kidogo akasema, "Mwanangu, mkifika saa hizi kisiwa hamkikuti."

Mimi mtoto wa mlimani nilidhani anatafuta namna ya kuongeza bei, kumbe anasema kweli kabisa. Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga tu na matumbawe kuizunguka, maji yakijaa hasa wakati wa bamvua, yani zile siku bahari inajaa na kupwa kupita kawaida, linafunikwa lote. Na ile ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua lenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa ni huu, kisiwa ndio kinachopanga tarehe. Kabla hujaomba ruhusa kazini angalia mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio bamvua, maji yanakupwa sana, na pwani yetu kupwa hiyo inaangukia kama saa nne asubuhi, halafu kila siku inasogea mbele karibu saa nzima. Maana yake lazima ulale Pangani au Ushongo, kijiji cha ufukweni kusini ya Pangani, usiku wa kabla, saa mbili asubuhi uko kwenye boti, mchanga ukitoka na wewe umeshafika, na yakianza kujaa mnaondoka bila ubishi. Nahodha akisema twende ni twende, hata kama ndio kwanza umevaa miwani ya kuzamia. Msimu nao uangalie, Juni mpaka Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma na mawimbi sio ya watu wasiozoea, masika mto unashusha tope bahari inakuwa ya kahawia huoni kitu chini. Mimi naipenda Oktoba na Novemba, maleleji, upepo umetulia, kabla kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, haijakaza.

Sasa hapo kwenye tope la mto ndio nataka tuelewane watu wa Moshi na Arusha, maana wengi hatujui. Mto Pangani unaoingia baharini pale mjini ni maji ya kwetu! Karanga na Weruweru zinaingia Kikuletwa, Themi ya Arusha nayo inaingia Kikuletwa, Rau inaenda Ruvu, zote zinakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale ndio Pangani unaanza safari mpaka bahari ya Hindi. Tukikata miti kandokando ya mito huku juu udongo unashuka, mwingi unatuama bwawani, na miti ikikatwa kando ya mto kule chini tope linafika mpaka baharini. Matumbawe yanataka mwanga na maji masafi, mengine yanakua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, yakifunikwa na tope yanakufa.

Na Maziwe imeshaumia vya kutosha. Yule mzee anasema zamani kulikuwa na mivinje pale kisiwani, wavuvi wanapumzika kivulini, na kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi. Mwaka 1975 ikatangazwa kuwa eneo tengefu, yani hifadhi ya bahari, lakini miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, leo hakuna hata kichaka. Kasa bado wanakuja lakini mayai yakiachwa pale maji yanayafunika, ndio maana watu wanaowalinda wanayahamishia ufukwe wa Ushongo mpaka yaanguliwe, kama miezi miwili hivi. Nilivyosikia hiyo nilinyamaza muda mrefu kidogo. Mnyama anavuka bahari anarudi palepale na nyumba yenyewe haipo tena.

Ndio maana mara ya pili tulienda tofauti. Boti moja ya kujaa badala ya mbili nusunusu, mafuta kidogo na bei mkagawana, ila hesabu laifu jaketi kabla hamjaondoka, kila mtu na yake, watoto na saizi yao. Kabla hujalipa muulize nahodha anaweka wapi nanga, jibu unalotaka ni kwenye mchanga au kwenye boya, akisema popote tafuta mwingine, nanga moja inavunja matumbawe ya miaka mingi. Kiingilio cha hifadhi lipa kwa kontroo namba na risiti uishike mkononi. Losheni za jua nyingi zina dawa zinazodhuru matumbawe, sisi tulinunua fulana za mikono mirefu pale soko la Memorial, Moshi, bei ya kawaida, hakuna aliyeungua. Kivuli hakuna, choo hakuna, kwa hiyo beba mwavuli na malizeni haja kabla ya kupanda boti. Pilau tuliweka kwenye hotipoti na sahani za melamini, maji kwenye dumu la lita 20, kila mtu na chupa yake ya kujazia, hatukubeba chupa za dukani hata moja. Spika iacheni nyumbani. Ukizamia usisimame juu ya matumbawe, na kombe na viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, mviangalie mviache palepale, hata yale makombe matupu, kaa wanahamia humo.

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, kila siku anavuka daraja la Karanga kwenda shule. Tunarudi amekaa mbele karibu na mzee, akamuuliza, "Babu, yale maji ya kwetu yanafikia hapa?" Mzee akamwonyesha pale mto unapokutana na bahari, mstari wa kahawia na buluu unauona kabisa. Mtoto akaangalia mpaka tukafika nchi kavu, halafu akachukua kiroba chetu cha taka akakibeba mwenyewe.