Chuchu zenye vidonda: angalia mtoto anavyoshika titi
Dada, umeuliza kama uache kunyonyesha na uoshe chuchu zenye vidonda kwa sabuni. Hapana, usiache kunyonyesha, na sabuni weka kando, inazidi kukausha ngozi. Mara nyingi chanzo ni mtoto kushika ncha ya chuchu peke yake. Subiri apanue mdomo, ndipo umvute kwako aingize na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kiguse titi. Kumtoa, pitisha kidole safi pembeni mwa mdomo wake. Ukimchomoa tu ndiyo unachanika. Akishiba, jipake matone ya maziwa yako, yaache yakauke. Nesi wa kliniki alinionyesha hivyo kwa mwanangu wa kwanza. Ila mtoto akiwa na utando mweupe usiofutika mdomoni, au titi likivimba na ukapata homa, nenda kituo cha afya.