Jibu: Pengwini wa Afrika wanavumiliaje joto?
Ndugu, umeuliza kama kweli Afrika kuna pengwini. Wapo, Afrika Kusini na Namibia. Mtazame juu ya jicho: ile ngozi ya waridi isiyo na manyoya hujaa damu joto likizidi, ndiyo inayompoza. Zamani walichimba viota kwenye tabaka nene la kinyesi cha ndege wa baharini. Watu wakalikomba kuuza mbolea, na sasa mayai mengi yanakaa juani. Kibaya zaidi ni njaa, maana sadini, samaki wadogo wanaowala, wamepungua. Pengwini akibadilisha manyoya hukaa nchi kavu kama wiki tatu bila kula, hivyo asiponenepa kwanza, anakufa. Mwaka 2025 mahakama ya Afrika Kusini iliidhinisha kufunga uvuvi wa sadini kuzunguka maeneo sita pengwini wanakozaliana, kwa miaka 10. Imechelewa mno, lakini nimefurahi sana.