Koloni la nani? Sema utumbo mpana

Dada mmoja wa Ujiji kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu katurushia kwenye grupu la familia eti wataalamu wanatafuta 'alama za damu za kimetaboliki za kugundua polipsi za koloni', mzee kasoma kauliza koloni la nani. Hivi hicho ni Kiswahili kweli?"

Marahaba dada. Mzee yuko sahihi kabisa, koloni kwa sisi ni lile la Mjerumani lililoleta reli mpaka Kigoma 1914, la tumboni linaitwa utumbo mpana na jina lipo siku zote sijui kwa nini watu wanalikimbia. Polipsi nayo, si tunasema mtoto ana nyama za puani? Basi na hivi ni vinyama, vinaota ukuta wa ndani wa utumbo. Wengine wanaandika uvimbe, mi sipendi, ukimwambia mtu ana uvimbe tumboni anaanza kugawa mashamba, wakati vinyama vingi si saratani, ila vipo vinavyogeuka taratibu, miaka 10 hivi.

Sasa kwenye alama za damu ndo pana kazi. Alama za damu ni zile polisi wanazikuta sakafuni! Afu kuna wanaosema dalili, nayo hapana, dalili mgonjwa anaisikia au anaiona mwenyewe, kama damu kwenye choo, na vinyama hivi mara nyingi havina dalili yoyote, ndo maana watu wanahangaika kuvitafuta kwenye damu. Neno ni viashiria. Ukipita uchochoroni ukasikia harufu ya mawese yanachemka, pipa hujaliona lakini umeshajua humo ndani kuna kazi inaendelea, hiyo harufu ndo kiashiria. Na umetaboli, neno lipo kwenye kamusi usinicheke, ni ile kazi ya mwili kuchakata chakula, kuvunja huku na kujenga kule, kwa iyo maabara wanapima kemikali zinazotokana na kazi hiyo, mfano asidi za amino na mafuta, waone kama viwango vimebadilika.

Kugundua nako kunaahidi makubwa mno. Kuna kipimo cha damu kiliruhusiwa Marekani Julai 2024, hicho kinatafuta vipande vya DNA, yani vinasaba, sio umetaboli, kwenye utafiti kilinasa saratani 83 kwa kila 100 lakini vinyama vya hatari 13 tu. Yani damu inaashiria, anayebaini ni daktari na kamera yake inayopitishwa njia ya haja kubwa, na akikikuta kinyama anaweza kukikata hapohapo.

Mwandikie mzee hivi: wataalamu wanatafuta viashiria vya umetaboli kwenye damu vinavyoweza kuonyesha kama mtu ana vinyama vya utumbo mpana. Ndefu ndio, ila Mjerumani hayumo.