Shangazi, nimesema nimesamehe lakini silali

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, nauza vitenge Mwanjelwa, mume wangu ni mwalimu na tuna watoto watatu. Mwezi wa nne niliona kwenye simu yake meseji za miamala, hela inakwenda kwa namba ninayoijua. Ni ya mwenzangu wa kikoba, tena ndiye anayeshika ufunguo mmoja wa sanduku letu. Mume amekiri, anasema yameisha. Wazee wa kanisa walitukalisha, mama mkwe akaja kutoka Tukuyu, nikaambiwa nisamehe yaishe. Nikasema nimesamehe. Lakini saa nane usiku naamka kukagua simu yake, chakula hakipiti, na nikimwona anacheka na watoto natamani kumrushia sufuria. Rafiki yangu anasema nitafute mtaalamu wa saikolojia. Mimi naona hayo ni mambo ya wazungu. Nifanyeje? – Mama Watatu, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Sufuria usirushe, kesho utaihitaji, ila hasira hiyo sikulaumu hata kidogo.

Hapa kuna kazi mbili na wazee wamezichanganya. Moja ni kupona kwako wewe. Nyingine ni kuamua ndoa iende wapi. Walidai jibu la kazi ya pili wakati ya kwanza haijaanza, nawe ukawapa walilotaka kusikia ili waondoke. Nani asingefanya hivyo, sebule imejaa watu na kila mtu anakutazama mdomo?

Wanasaikolojia watatu wa Marekani, Baucom, Snyder na Gordon, wanawatibu wanandoa waliopatwa na jambo kama lako kwa hatua tatu: kutuliza mshtuko, halafu kutafuta ilitokeaje, na mwisho ndipo kuamua kuendelea au kuachana. Msamaha, ukiwepo, unakaa huko mwishoni. Wewe umeanzishwa na mwisho. Hayo ya kuamka usiku, chakula kukwama na mwili kuruka simu ikiita, wanayatazama kama jeraha la akili, kama la mtu aliyetoka kwenye ajali. Basi usijione umerogwa wala una roho mbaya.

Tuje kwenye simu. Ukiikagua saa nane usiku unapata nafuu ya dakika tano, kisha wasiwasi unarudi na nguvu mpya. Badala yake mpangie mumeo muda wa maswali, nusu saa, watoto wakishalala, si kila siku. Muulize lini ilianza, hela kiasi gani imetoka, nani mwingine anajua, mawasiliano yamekatwa vipi. Ajibu bila kufoka. Ya kitandani yaache. Majibu yake yanaacha picha kichwani, na nani atakufutia? Simu iwe wazi mchana kwa makubaliano yenu. Aliyevunja uaminifu ndiye mwenye kazi ya kuujenga, wewe si askari wa doria.

Usiku ukiamka, andika. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa huko huko Marekani, tangu miaka ya 1980 amechunguza watu wanaoandika yanayowaumiza kwa dakika kama 15 au 20, siku tatu nne mfululizo, na wengi hupata nafuu, ingawa siku zenyewe wanaweza kujisikia vibaya zaidi. Andika kila kitu, matusi yakiwemo. Halafu choma. Usifiche kwenye kabati la vyombo, watoto wa siku hizi wanasoma kila kitu isipokuwa madaftari yao.

Hili halisubiri hisia zitulie: kapimeni VVU na magonjwa mengine ya zinaa, wewe na yeye, na kipimo cha VVU kirudiwe baada ya miezi mitatu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliiweka Njombe, Iringa na Mbeya kwenye maambukizi ya juu kabisa nchini. Mpaka majibu yatoke, kondomu. Akinuna, anune.

Sasa kikoba. Hujasema, lakini nadhani kila wiki unakaa mkeka mmoja na huyo mwanamke, unasikia kufuli likifunguliwa kwa ufunguo wake, na unatabasamu. Hapo unajitonesha mwenyewe. Hisa zako ni jasho lako, usizikimbie. Mwombe mwenyekiti ruhusa ya kutuma mchango kupitia mtu unayemwamini mpaka siku ya mgawo, bila kueleza zaidi ya "nina udhuru". Mzunguko mpya ukianza, hamia kikundi kingine.

Kuhusu wazungu: Zimbabwe, tangu 2006, kuna bibi wa mtaani waliofundishwa kusikiliza. Wanakaa na mgonjwa wa mawazo kwenye benchi nje ya zahanati, wanachagua naye tatizo moja na kulitafutia hatua ya kuanzia. Daktari wa akili aliyeanzisha ni Mzimbabwe, Dixon Chibanda, na utafiti umeonyesha inapunguza sonona. Bibi zetu walikuwa wakikaa hivyo barazani, tofauti ni kwamba hawa wamefundishwa kutotoa hukumu. Kwako, anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au uulizie kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa. Mchungaji naye anaweza kusaidia. Mpime kwa mawili: anatunza siri, na anamkalisha mume kama anavyokukalisha wewe? Nenda peke yako kwanza. Kwenda wawili kuna faida ikiwa yule mwanamke kweli ameachwa na hakuna kipigo nyumbani. Kipigo kikiwepo, ni dawati la jinsia la polisi, si ushauri wa ndoa.

Na ukiamua kuondoka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwa kawaida mpite kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kama mchango katika mali ya ndoa. Kiwanja kikiandikwa jina lake peke yake, bado una la kudai. Tunza risiti zako za vitenge.

Kuamua lakini kusiwe mwezi huu. Mama mkwe akirudi na mkungu wake wa ndizi, mpokee, mpikie, na akianza ya msamaha mwambie, "Mama, nilisema haraka. Bado naumwa, nikipona nitawaambia nimeamua nini." Kisha mwongezee mchuzi.