Meli ya ghorofa 20 inajengwaje na mbona haipinduki? Jibu la mtu wa Kigoma aliyefanya kazi humo

Mkuu, umeuliza mambo matatu: ghorofa 20 zinajengwaje majini, kwa nini hazipinduki, na maelfu ya watu wanaishije humo wiki nzima bila kukosa maji wala umeme. Meli uliyoweka picha yake ni Icon of the Seas, meli ya kitalii. Hiyo sijaifanyia kazi, niliiona tu imefunga gati Miami. Ila nimemaliza mikataba miwili kwenye meli ya daraja (aina) la Oasis, ambayo kwa ukubwa inaifuata kwa karibu. Nilikuwa kitengo cha dobi. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kuchomelea hapa Kigoma, kwa hiyo nyingine nitajibu kama fundi na nyingine kama dobi.

Kwanza, haijengwi majini. Inaundwa pakavu, kipande kwa kipande, na mwishoni maji yanaingizwa hapo ilipoundiwa ili ielee. Na sisi watu wa Kigoma jambo hili tunalo nyumbani. Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iliundwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya akina Meyer. Ikafumuliwa, ikapangwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka hapa. Mafundi watatu kutoka karakana ile wakaja kuiunganisha upya, ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Sasa angalia: Icon imeundwa Turku, Finland, kwenye karakana iitwayo Meyer Turku. Ni familia ileile. Nilipojua hilo nilikuwa nimekaa kwenye kantini ya wafanyakazi, chakula kikapoa mbele yangu.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akinipeleka bandarini kuishika Liemba. Anakwambia weka kidole hapa. Unapapasa vichwa vya ribiti, yaani misumari ya chuma inayounganisha mabati, kimoja baada ya kingine, vimepakwa rangi mara nyingi hadi vimekuwa laini kama kokoto za ufukweni. Kila kimoja kiligongwa na mtu kikiwa cha moto, mwenzake akiwa amekikinga upande wa pili. Meli za leo hazina ribiti, ni kuchomelea mwanzo mwisho. Mabati yanakatwa na mashine, yanaunganishwa kuwa kipande chenye ukubwa wa nyumba, na mabomba na njia za nyaya vinafungwa humohumo kabla kipande hakijaenda kukutana na wenzake. Vipande vingi huundwa vikiwa vimepinduliwa, dari ikiwa chini. Fundi anayesoma hapa ameshaelewa sababu. Kuchomelea juu ya kichwa chako, cheche zikikuingia shingoni na chuma kikidondoka, ni mateso, na mshono wake hauaminiki kama ule unaouinamia. Wanauchomelea wakiwa wameuinamia, halafu winchi inakigeuza kipande kizima. Winchi kubwa ya Turku inabeba tani 1,200.

Vyumba vya abiria navyo havijengwi ndani ya meli. Vinatoka kiwandani vimekamilika, choo na bafu vimo, vinasukumwa mahali pake kama droo kabatini. Lile kuba la kioo unaloliona kwenye picha, upande wa omo (mbele ya meli), lina tani 363 na lilipandishwa juu likiwa zima.

Hapo niingize sahihisho, maana wengi kwenye uzi huu wamekosea. Ile tani 248,663 mnayoitaja ya Icon si uzito wa meli. Inaitwa tani, lakini inapima ukubwa wa nafasi iliyofungwa ndani ya meli. Uzito wenyewe ni mdogo kuliko hapo kwa mbali. Kwa urefu meli ina karibu mita 365. Liemba ina mita 71 na kidogo, kwa hiyo panga Liemba tano msururu mmoja.

Sasa hili la kupinduka. Naelewa kwa nini Mtanzania ndilo analouliza kwanza. Tangu MV Bukoba izame Ziwa Victoria, Mei 1996, hatuangalii meli iliyojaa watu tukatulia moyo. Aliyepanda mtumbwi anajua: ukiketi chini kabisa mtumbwi unatulia, ukisimama unayumba. Siri ni uzito ukae wapi. Kwenye meli hizi injini, matangi ya mafuta, maji na farumi (uzito wa kuisawazisha meli) viko chini kabisa, na chuma cha chini ni kinene. Kadiri unavyopanda, bati linakuwa jembamba, na ghorofa za juu ni vyumba, yaani hewa kwa sehemu kubwa. Halafu ni pana: Icon usawa wa maji ina zaidi ya mita 48. Upana ndio unaoirudisha ikilala upande. Chini ya maji kuna mapezi yanayochomoza ubavuni kupunguza kuyumba. Mabwawa ya kuogelea yaliyo juu yanatisha kwa macho, lakini ni mafupi kwa kina, na uzito wake umepigiwa hesabu tangu kwenye mchoro. Kila safari farumi inahesabiwa na kusawazishwa kadiri mafuta yanavyopungua. Hesabu hiyo ikipuuzwa, meli yoyote inapinduka, ya tani elfu au laki.

Umeme: sisi tuliokulia Kigoma ya majenereta ya dizeli tunajua thamani ya swali hili. Icon ina injini sita zinazotoa jumla ya kilowati 67,500, na zinaweza kutumia gesi asilia iliyopoozwa mpaka ikawa kimiminika. Injini hizo hazizungushi propela. Zinafua umeme, na umeme ndio unaoendesha mota zilizofungwa ndani ya maganda makubwa chini ya tezi (nyuma ya meli). Ganda lenyewe linageuka duara zima, ndiyo maana hakuna usukani wa bati kama wa Liemba. Meli ya mita 365 inageuka palepale, bila kusogea mbele.

Maji mengi ya matumizi yanatengenezwa humohumo kutoka baharini, kwa kuchujwa kwa shinikizo au kuchemshwa na mvuke kukusanywa. Huku dobini tulikuwa wanywaji wakubwa wa maji hayo. Abiria wakishuka asubuhi, mashuka ya vyumba zaidi ya 2,700 yanateremka kwetu, na jioni wageni wapya wanataka vitanda vimetandikwa. Kuna mashine ndefu ya kupigia pasi, wawili mnaingiza shuka limelowa upande mmoja, linatokea upande wa pili limekauka na limekunjwa. Pembe ikiingia imepinda, inatoka imepinda, unarudia. Joto lake linakaa mikononi hata ukilala. Sisi tulifanya kazi chini, karibu na usawa wa maji, ambako kuna ushoroba mmoja mpana unaotoka omo hadi tezi. Mabaharia wanauita I-95, jina la barabara kuu ya Marekani. Mikokoteni ya vyakula, takataka, mashuka, watu wa mataifa yote, vyote vinapita hapo, na abiria hajui kama upo.

Juu kuna dunia nyingine. Meli za daraja la Oasis zimepasuliwa katikati, vyumba kulia na kushoto, na katikati bustani iliyo wazi kwa anga, yenye miti na mimea hai zaidi ya 10,000. Mara ya kwanza kupita pale nilisikia harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na bahari iko pande zote. Nilisimama hadi msimamizi akaniita.

Usalama sisimulii sana. Chini meli imegawanywa kwa kuta zisizopitisha maji, na mazoezi ya dharura hayana mzaha: honi fupi saba na moja ndefu, kila mtu kituoni kwake, awe mpishi au mwanamuziki.

Na ndugu aliyeuliza kama meli hii inaweza kuletwa Ziwa Tanganyika. Inahitaji kama mita 9 tu za maji, na ziwa letu linafika mita 1,470. Kina si tatizo. Tatizo ni njia: hakuna mto wala mfereji wa kuipitisha. Ingebidi ije kama Liemba, imekatwa vipande, kwa reli, halafu Kigoma ipate chelezo (mahali pa kuundia meli) cha zaidi ya mita 365 pamoja na winchi ya kunyanyua vipande hivyo. Masanduku yangekuwa mangapi sijui, lakini kituo cha reli kiko palepale yalikoshushiwa yale 5,000, na ukitoka hapo ziwa unaliona.