Birika la Fedha na Bakuli Lisiloachwa Tupu

SWALI: Mhariri, kaka yangu alirudi kutoka Nepal akaniletea birika lenye nakshi ya joka, akasema ni la fedha ya Tibet. Je, ninaweza kuwaandalia wageni chai ya maziwa kwalo? Tena, ni kweli kwamba huko mgeni hatakiwi kumaliza chai yake? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ni kweli, nami nitaanza na hilo la mgeni, kwa kuwa ndilo linaloeleza kazi ya birika lenyewe. Kwa Watibeti, mwenyeji humwongezea mgeni kila anapopiga mafunda machache, hata bakuli likabaki limejaa muda wote wa mazungumzo. Asiyetaka zaidi huliacha lilivyo, kisha hulimaliza anapoaga. Ndiyo maana birika huwekwa karibu, juu ya makaa hafifu, na hutikiswa taratibu kabla ya kumimina ili siagi isijitenge.

Naam, siagi na chumvi, wala si maziwa na sukari kama tunavyoinywa ya Kericho na Nandi. Majani yake, yaliyoshindiliwa mfano wa matofali, hutoka hasa Sichuan na Yunnan, majimbo ya China, nayo huchemshwa kwa muda mrefu, kwani Lhasa, mji mkuu wa Tibet, iko karibu mita 3,650 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huko yakifika nyuzi 88 hivi. Chai hiyo nzito ya rangi hutiwa pamoja na siagi na chumvi katika chombo kirefu cha mbao, ikasukwa kwa mti hadi vyote viwe kitu kimoja. Aliyewahi kumwona bibi yake akitikisa kibuyu cha maziwa ili apate siagi ataielewa kazi hiyo mara moja.

Mabirika ya fedha yalikuwa ya matajiri na ya nyumba za watawa. Wengine walitumia shaba au udongo. Joka mara nyingi ndilo mkono, na mdomo hutokea kinywani mwa makara, mnyama wa majini wa hadithi za Kihindi.

Hata hivyo, kinachouzwa siku hizi kwa jina la fedha ya Tibet aghalabu ni mchanganyiko wa metali nyingine, pengine hata risasi, ambayo ni sumu. Nakusihi usimnyweshe mtu kwalo kabla sonara hajalipima. Likithibitika kuwa fedha, mimina ndani yake chai iliyokwisha kuiva sufuriani, wala usilibandike kwenye moto wa gesi, kwani maungio yaliyolehemiwa yanaweza kuachia.