Mwanafunzi wa Kisamoa, Usiidharau Sauti ya K

Juma lililopita msomaji mmoja anayeishi Auckland, New Zealand, aliniandikia akilalamika kwamba amesoma Kisamoa, lugha ya visiwa vya Samoa katika Pasifiki, darasani kwa bidii, lakini akikaa na majirani zake Wasamoa haambulii kitu. Lalamiko lake limenigusa, kwa kuwa leo ninaweza kutoa shukrani kanisani kwa Kisamoa, kisha nikapiga soga na vijana nje, wala hakuna anayenigeuzia Kiingereza. Ninajivunia hilo.

Kisamoa kina matamshi ya namna mbili. Katika tautala lelei, yaani matamshi ya maandishi, sala na darasa, T na N hubaki zilivyo. Katika tautala leaga, yaani matamshi ya nyumbani na mitaani, T huwa K, na N huwa ng', sauti ambayo Wasamoa huiandika kwa herufi G. Hivyo tagata, yaani mtu, husikika kang'aka. Sisi tuliozoea kutamka ng'ombe na ng'ambo tumeshapata nusu ya kazi bure.

Mimi nilifunguka masikio kwenye to'ona'i, mlo wa Jumapili baada ya ibada. Bibi mwenye nyumba aliomba, akitamka fa'afetai, yaani asante, kwa T iliyonyooka, na mara tu baada ya amina akamgeukia mjukuu aliyekuwa akidokoa magimbi: "Gofo i lalo!" Kitabuni agizo hilo la kuketi chini huandikwa nofo i lalo.

Mwalimu mmoja aliwahi kunikatiza mbele ya wenzangu akidai kwamba K ni ya watu wasiosoma. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu si kweli. Katika fono, baraza la kijiji, wasemaji waitwao tulafale hutoa hotuba nzito kwa matamshi ya K, jambo ambalo mwanaisimu Alessandro Duranti alilichunguza kijijini Falefā, kisiwani Upolu. Heshima imo katika msamiati: kula ni 'ai, lakini tulafale akila husemwa taumafa, na barazani neno hilohilo la heshima hutamkwa kaumafa. Hadhi ya T imeshikamana na kanisa na shule, tangu wamisionari walioanza kazi huko mwaka 1830 walipoiandika lugha hiyo, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1855.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na T, kwa maana ndiyo utakayoisoma na ndiyo watakayokusemesha ukiwa mgeni, lakini zoeza sikio lako K tangu siku ya kwanza. Usimwanzie mchungaji wala mzee asiyekujua kwa K. Na yeyote akikujibu kwa T, rudi kwenye T. Tena usigeuze kila K unayoisikia kuwa T, kwani suka, yaani sukari, ina K yake hata kanisani.